Wale Waliopita Kando

Niliwahi kumfanya mwanamke mkweli aonekane mwongo, na nilifanya hivyo kwa msaada wa mashine nzuri sana. Nasema nzuri kwa sababu sitaki mtu asome haya akidhani nimekuja kuilaumu. Mashine ile ilifanya kazi yake sawasawa, mvua na jua, bila kulalamika. Aliyekosa kufanya kazi yake ni mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Matatu zilikuwa zimeshachorwa mstari wa manjano na kufungwa vidhibiti mwendo, simu za kadi za kukwaruza zilikuwa katika kila mfuko, na Nairobi nzima ilikuwa haina habari nyingine ila foleni. Mimi nilikuwa nimemaliza diploma ya elektroniki, kichwa kimevimba, nikapata kazi katika ofisi ndogo ya washauri wa barabara kule Muthangari. Ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi. Vyumba vya kulala vilijaa ramani, na jikoni palibaki sinki moja ambamo tulioshea vikombe vya chai na vifaa vilivyorudi na matope.

Mkubwa wetu alikuwa mzungu mmoja mzee, mpole, mwenye kupenda chai ya rangi isiyo na sukari. Alikuja na mpango wake ambao aliueleza kwa kila aliyeketi karibu naye. Taa za barabarani za mji huu, alisema, ni vipofu. Zinawaka kijani hata kama hakuna gari, zinawaka nyekundu hata kama foleni imefika mtaa wa pili, ndiyo maana askari wa trafiki anazipuuza na kupunga mkono wake mwenyewe. Kabla ya kuzipa akili, lazima zipewe macho. Barabara ihisi gari, taa zihisi foleni, na siku moja gari lenyewe lihisi barabara na kujiendesha. Alituonyesha kwenye kompyuta yake picha za gari lisilo na dereva likikata jangwa huko ng'ambo, usukani ukizunguka wenyewe kama umeshikwa na jini. Nilizitazama mara nne. Jioni nilipomsimulia mama yangu, aliuliza jambo moja tu: likigonga mbuzi wa mtu, ni nani atakayeshuka kuomba radhi? Nilimwona mshamba.

Basi macho yetu ya kwanza yalikuwa mipira miwili myeusi, minene kama kidole gumba. Tuliilaza ikikata barabara kutoka ukingo mmoja wa lami hadi wa pili, tukaipigilia misumari mikubwa. Gurudumu linapokanyaga mpira, hewa iliyo ndani husukumwa hadi kwenye kisanduku cha chuma, ambacho tulikifunga kwa mnyororo kwenye mlingoti wa stima. Kisanduku huhesabu pumzi hizo. Hupima pia muda kati ya mpira wa kwanza na wa pili, na kutokana na hapo hujua gari limepita kwa kasi gani, na kama lilikuwa gari dogo au lori. Hakikuwa na zaidi ya hapo, lakini mimi nilikipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe.

Mahali tulipopewa pa kuanzia palikuwa karibu na kwetu, kwenye barabara inayotoka Kabiria kuja Uthiru. Mzee alitaka kwanza mashine ipimwe. Kwa wiki mbili mtu angeketi pale pale ilipo mipira, ahesabu kwa mkono asubuhi, adhuhuri na jioni, halafu hesabu zake zilinganishwe na za kisanduku. Niliambiwa nitafute mtu mmoja mwaminifu, na sikuhitaji kufikiri sana.

Nyuma ya nyumba yetu Uthiru mama yangu alikuwa na vyumba sita vya mabati vya kupangisha. Cha pili kutoka bombani kilikuwa cha mjane mmoja kutoka Ukambani, rika la mama, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Kanisani kwetu yeye ndiye aliyekuwa mhesabu. Watu wa makanisa mengine huenda wasijue kazi hiyo. Kila Jumapili, wakati wa wimbo wa sadaka, alisimama nyuma kabisa na utepe wake mweupe begani, akapitisha macho safu kwa safu, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, midomo haichezi. Kisha aliandika katika daftari: wanaume, wanawake, vijana, watoto. Katibu alisoma hesabu hiyo kwenye matangazo na hakuna mtu aliyewahi kuibishia. Hata wale wanaume waliobaki nje wakiegemea ukuta hadi ibada iishe, wale waliosindikiza wake zao tu, aliwaandika. Alisema nao wamekuja.

"Magari?" aliniambia nilipomwendea na habari ya kazi. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho. "Si ni kama watu tu, Engineer. Tofauti ni hayaimbi."

Alinipa cheo hicho cha Engineer tangu siku nilipopata cheti, na sikuwahi kumsahihisha.

Nilimpa ubao wa kuandikia, fomu, mwavuli mkubwa wa ofisi, na maelekezo. Vijiti vinne, cha tano kinavikata, kila robo saa unaanza mstari mpya. Nilimwambia ahesabu kila gari linalopita. Aliuliza kama mikokoteni ni magari, nikamwambia hapana. Aliuliza kama pikipiki ni gari, nikamwambia aziandike peke yake. Nikaondoka nikijisifu kwamba nimefundisha.

Wiki ya kwanza ilipoisha, nilizileta fomu zake Muthangari na kuzilinganisha na namba za kisanduku. Hesabu za adhuhuri zilifanana hadi nikacheka peke yangu. Za asubuhi na jioni zilikuwa balaa. Mashine ilisema hivi, mama yule alisema zaidi, na si zaidi kidogo. Kadiri foleni ilivyokuwa mbaya ndivyo hesabu yake ilivyopanda juu ya ile ya mashine. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kila fomu ya asubuhi na ya jioni ilikuwa na mstari ulionyooka, umepigwa kwa rula katikati ya ukurasa, na chini yake vijiti vingine vingi. Mimi niliamua kwamba mstari ule ndio mahali alipochoka kuhesabu akaanza kupiga chuku.

Mzee alizitazama fomu kwa muda, akasugua pua, akaniambia niende nikaone.

Nilienda saa tano ya mchana. Nilisimama kando yake chini ya mwavuli na kuhesabu naye nusu saa, kisha nikafungua kisanduku. Tulikuwa sawa sote watatu. Nikasema moyoni, kumbe, akiangaliwa anahesabu, asipoangaliwa anabuni. Nilijiona mpelelezi. Haikunijia hata kidogo kwamba jambo linalotokea asubuhi lafaa kuangaliwa asubuhi. Asubuhi nilikuwa na kazi ya maana zaidi: kufika ofisini mapema ili mzee anikute mezani.

Mzee aliomba aongee naye mwenyewe. Nikamleta Muthangari siku ya Ijumaa. Alivaa nguo za Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimepakwa rangi, fomu za wiki ya pili amezibeba ndani ya bahasha ili zisikunjike. Aliketi kwenye ncha ya kiti. Mzee alikuwa na adabu, alimwagizia chai, akanipa maswali nimtafsirie, kwa sababu Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Aliuliza, kwa upole, alihesabu vipi.

"Mwambie nilihesabu kila gari," alijibu. "Zile za lami ziko juu ya laini. Zile za kando nimeweka chini. Asubuhi na jioni hao wa kando ndio wengi, mpaka mkono unachoka. Mwambie akitaka akuje aone."

Nikamgeukia mzee na kumwambia: anasema alihesabu kila gari.

Mzee alisubiri. Kisha akasema mama huyu ameongea maneno mengi kuliko hayo.

Nikasema anarudia yale yale.

Nimeyapitia maneno hayo mara nyingi sana tangu siku ile, na sijapata hata mara moja pa kujificha. Sikukosa kusikia. Sikukosa Kiingereza cha kutafsiri neno kando. Nilikuwa nimemleta mimi, nikaona aibu kwa ajili yake, kwa jinsi alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, kwa jinsi alivyosema "laini" na "akuje" mbele ya mtu niliyetaka aniheshimu. Nilitaka kikao kiishe. Na kwangu maneno ya kando yalikuwa kisingizio tu, kwani mchoro wetu wa barabara ulikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na kwenye mchoro ule hakukuwa na kando. Kulikuwa na mistari miwili, mwisho wa lami huku na mwisho wa lami kule, na baada ya hapo karatasi nyeupe.

Mzee alisema anamshukuru, na kwamba hatutamhitaji tena. Nilimtafsiria hivyo, na nikaongeza la kwangu.

"Mashine imesema tofauti, mama."

"Mashine imesema?"

"Ndiyo."

Alinitazama. Nafikiri alikuwa akingoja niseme jambo jingine. Kisha akasema, "Haya," akaweka bahasha mezani, akauliza mwavuli aurudishe kwa nani. Akauegemeza ukutani mwenyewe, polepole, ili usianguke.

Jioni ile mama yangu aliniuliza kwa nini mpangaji wake amerudi mapema na hata cherehani haijalia. Nikamwambia, nikiwa nakula, kwamba alikuwa anaongeza hesabu. Mama aliacha kupakua. Alisema haamini. Nikamwambia si suala la kuamini, ni mashine. Mama yangu si mtu wa umbeya, lakini alikuwa mwenyekiti wa kina mama, na mhesabu wa kanisa alikuwa chini yake, kwa hiyo alimweleza mwenzake mmoja kwa siri. Siri ya kina mama wa kanisa letu ilifika Kabiria kabla ya Jumapili.

Jumapili ya pili katibu aliposoma hesabu ya mahudhurio, mtu fulani kwenye safu za nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo ni ya ukweli ama ni ya barabarani?" Watu wakacheka, si wengi, cheko la kuziba mdomo kwa kitambaa. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na utepe wake. Hakugeuka. Wiki iliyofuata alimkabidhi mchungaji daftari na utepe, akasema macho yake yamechoka, na kazi ile ikapewa mzee mmoja wa kanisa. Mzee huyo aliandika pungufu kila Jumapili, kwa sababu hakutoka nje kuwahesabu wanaume wa ukutani, na hakuna aliyeliona hilo kuwa uongo.

Mwezi haujaisha, mpira mmoja ulikatwa. Mtu aliona una manufaa zaidi kufungia mzigo, akachukua urefu wa mikono miwili. Kisanduku kikawa hakisikii kitu. Mzee alitaka urekebishwe haraka, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilifika pale saa moja ya asubuhi, na nyundo, misumari na kipande cha mpira kipya.

Foleni ilikuwa imelala. Magari yalisimama juu ya mipira yangu yakiwa yamezima injini, dereva mmoja akisoma gazeti. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni nikitoa msumari niliposikia mngurumo nyuma yangu, nikaruka. Matatu ilikuwa imepanda ukingo wa udongo, imeinama upande mmoja, ikapita hatua mbili kutoka mwisho wa mpira. Nyuma yake matatu nyingine. Nyuma yake pikapu ya maziwa, basi la shule, lori la mchanga, gari dogo la mtu aliyevaa tai, akitazama mbele kwa uso mkavu kana kwamba njia ile imejengwa na serikali. Yalipita mfululizo, kando huku na kando kule, nami nimesimama katikati na nyundo. Udongo pale ulikuwa umechimbika mikondo miwili mirefu ya magurudumu, mikondo ya miaka, si ya jana.

Makanga mmoja aliyening'inia mlangoni alinitambua kwa koti langu la njano.

"Engineer, niaje! Hiyo nyoka yako ni ya makarao?"

"Si ya polisi. Ni ya kuhesabu magari."

"Inahesabu nani sasa? Sisi asubuhi hatukanyagi huko, tuna-overlap tu. Na hao wengine wakiiona wanadhani ni ya kupasua tairi, wanatufuata." Gari lilikuwa limekwama kidogo kwenye shimo, akapata nafasi ya kumalizia. "Yule mathe wa mwavuli ndiye alikuwa anatuhesabu. Ako wapi siku hizi? Mwambie tunamsalimia."

Nilikaa kwenye jiwe alilokuwa akilikalia mama yule na sikufunga mpira ule hadi saa mbili na nusu. Na la kuniaibisha zaidi, sikuwa mgeni katika mambo hayo. Nimezaliwa Uthiru. Kila asubuhi nilifika Muthangari nikiwa ndani ya gari lililoinama, magurudumu mawili kwenye lami na mawili kwenye mtaro, tukiipita foleni ya Waiyaki Way. Nilikaa dirishani, nimejishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika mwongozo wa mashine, nasoma. Mzungu hakujua. Waliotengeneza kisanduku hawakujua, kwao labda watu hukaa kwenye foleni. Mtu pekee katika ofisi ile aliyelijua jambo hilo kwa mgongo wake mwenyewe ni mimi, na mtu akaja akaniambia kwa Kiswahili rahisi, nikasema anarudia yale yale.

Siku hizi kazi yangu bado ni hiyo hiyo ya barabara, ila mipira imekwisha, sasa ni kamera, na miale, na magari yanayodaiwa kuona pande zote bila dereva. Watu hudhani nitashangilia. Mimi huuliza tu kama yamewahi kupelekwa mahali ambapo nusu ya magari hayako barabarani. Wenzangu hucheka wakidhani ni utani wangu wa kawaida, nami huwaacha wacheke.

Narudi kwenye siku ile. Nilikwenda ofisini, nikafungua droo, nikatoa fomu zake zote na ile bahasha ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Nikazilinganisha upya, safari hii nikichukua vijiti vya juu ya mstari peke yake. Zilikuwa sawa na mashine. Asubuhi zote, jioni zote, tofauti ya gari moja au mawili. Katika fomu za wiki ya pili alikuwa ameandika kwa herufi ndogo nadhifu, chini ya kila mstari, "wa kando".

Lililopaswa kufanywa lilikuwa jepesi. Chumba cha mzee kilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu, na mlango wake haukufungwa kamwe. Badala yake niliketi nikaandika ripoti ya kurasa mbili. Niliandika kwamba uchunguzi uwanjani umeonyesha magari mengi hupita nje ya lami saa za msongamano. Nilipendekeza mipira irefushwe hadi mitaroni, na kwa zile wiki zilizopita nikatoa kadirio la waliokosekana. Kadirio lenyewe lilikuwa vijiti vya mama yule, nimevijumlisha kimya kimya. Neno "uchunguzi" nililichagua kwa sababu halina mwenyewe.

Mzee alifurahi kama mtoto. Alisema hili ndilo jambo ambalo mgeni asingeliona kamwe. Hakukumbuka kuuliza kuhusu yule mama, au labda alidhani nimeshayamaliza na yeye, kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Baadaye tulialikwa katikati ya mji, kwenye ukumbi wenye zulia na maji ya chupa, mzee akaeleza mradi mbele ya maofisa na wahandisi. Alipofika kwenye suala la magari ya kando akanisimamisha, akanisifu mbele ya watu, wakapiga makofi. Mwanamke mmoja wa mbele aliuliza takwimu za kando tulizipata vipi ikiwa mashine haikuyaona. Nikajibu kwamba tulihesabu kwa mkono. Tulihesabu! Nilisema hivyo nikiwa nimefunga tai.

Nilijiambia nitamwambia yeye kwanza, kisha mama, kisha mzee. Kila siku nilijiambia. Tulikutana bombani asubuhi, akaniamkua vile vile, "Engineer, habari ya kazi?", nami nikajibu njema na kushughulika na ndoo. Ikafika mahali nikawa nachungulia dirishani kwanza, nikimwona bombani nasubiri atoke. Mama yangu alidhani namwepuka kwa sababu alinidanganya, akawa ananihimiza nimwachilie moyoni. Kabla ya mwaka kuisha mjane yule alihamia Kabiria, na baadaye nikasikia amerudi kwao Ukambani na cherehani yake. Sikumtafuta. Lakini kabla hajahama alikuja kwetu mara moja, na hiyo ndiyo siku ninayotaka kuiandika kisha niache.

Kanisani kwetu kuna desturi kabla ya Meza ya Bwana. Jumamosi yake, mtu akijua amemkosea mwenzake, humwendea nyumbani na kutengeneza naye. Huji na zawadi, huji na mashahidi. Unasimama, unalitaja kosa lako kwa jina lake, unaomba usamehewe, na mwenzako akisema amekusamehe mnaomba pamoja na mnakunywa chai. Ukiwa na kosa usilotengeneza, kesho yake unabaki kwenye kiti wengine wakienda mezani, na kila mtu anakuona umebaki.

Jumamosi hiyo, kama saa kumi, nilikuwa sebuleni nikisoma. Mama yangu alifungua mlango, nikaona kitambaa cheupe. Nilijua amejua. Nilidhani makanga yule amemwambia, au mtu aliyekuwa ukumbini, na nikasikia, pamoja na hofu, nafuu fulani, kwamba sasa nitaanikwa na mambo yaishe. Mama alimkaribisha kiti, akakataa kuketi. Akasimama mbele yangu, mikono ameifumbata.

"Engineer, nimekuja tutengeneze," alisema. "Nimeomba juu ya hii maneno muda mrefu, na nimeona kosa langu. Pengine uliposema nihesabu gari ulimaanisha zile za lami. Hao wa kando walikuwa wanavunja sheria. Sasa mashine ilijua hao hawafai kuhesabiwa, na mimi sikujua, nikawaandika. Nilifanya uaibike mbele ya mkubwa wako, na ni wewe ulinitafutia hiyo kazi. Hata sikukuuliza. Nilijiona najua kuhesabu. Naomba unisamehe."

Mama yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Alinitazama kwa macho ya kunisihi, kwamba nisiwe mgumu.

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: ulihesabu sawa. Niliona kwamba nikilisema, lazima niseme na lile la pili, la ofisini, mbele ya mama, na la tatu, la ukumbini, na Jumatatu nimwendee mzee. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nina tai moja na kazi moja. Yeye alisimama tu akisubiri, macho chini, kama mtu aliyeshitakiwa.

"Nimekusamehe, mama," nilisema.

Alifumba macho, akasema Bwana asifiwe, machozi yakamtiririka. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akanishukuru mara tatu, na kila mara nikaitikia.